Waliniambia ngiri ni ya wanaume: tumbo langu, wavu niliowekewa, na neno nililomwambia Mama Ruth

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni nyanya wa miaka sabini na ushee. Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia hii akaunti, na amenionya nisiandike kama ninayemwandikia chifu barua. Nitajaribu. Nikipotea njia mnivumilie.

Nataka kuwasimulia habari ya tumbo langu. Yote ni kweli, na mwenye shaka aje Mbotela, hapa Nairobi, nimwonyeshe kovu. Kwa umri huu sina aibu tena. Ningekuwa sina aibu wakati ule, pengine nisingekuwa na cha kuandika.

Kuna matumbo mawili katika uzi huu. Langu lilishonwa likapona. La pili lilikuwa la mwanamke mwenzangu, na hilo ndilo linaloninyima raha mpaka leo.

Twende pole pole.

Ilikuwa mwanzo mwanzo wa miaka ya themanini. Mume wangu, mfanyakazi wa reli, alikuwa amefariki nikabaki na wasichana wawili, Njeri na Wanja. Mimi bado kijana, sijafika hata thelathini na tano.

Kazi yangu ilikuwa matumbo. Asubuhi nakwenda machinjioni Kiamaiko, nachukua matumbo ya mbuzi yakiwa bado na joto, nayaosha, nayakwangua, nayapika nyumbani, na jioni nauza pale karibu na Jogoo Road. Watu wa Mbotela wa zamani mnaonisoma hapa, mlikula matumbo yangu. Msijifanye.

Ukifanya kazi hiyo miaka kadhaa unajua utumbo kwa mkono na kwa pua. Ulio mzima una rangi yake. Lakini kuna ule uliojisokota ndani mnyama akiwa bado hai. Huo unaukuta mweusi, umevimba, na harufu yake huisahau. Unatupwa. Shikeni hapo, tutaparudia.

Sasa, kuhusu tumbo langu.

Wanja alizaliwa kwa kupasuliwa. Kidonda kilifanya usaha, kikafunguka, kikapona vibaya. Baada ya miaka kadhaa ya kubeba maji na makarai, nikaona uvimbe chini ya kitovu. Kwanza kama ndimu. Halafu kama kabichi. Mwishowe lilikuwa tumbo kamili la kutembea mbele yangu, mtu akiniona anasema huyu ana mimba.

Nikilala chali linarudi ndani lenyewe, linaguruma kidogo, natulia. Nikisimama linatoka. Nikikohoa linaruka. Nilikuwa nalifunga kwa leso mbili, nakaza mpaka pumzi inakuwa fupi, halafu navaa gauni pana.

Nesi mmoja wa kliniki alinishika akaniambia, "Mama, hii ni ngiri. Utumbo umetokea kwa kovu. Chukua hii barua, nenda umwone daktari mkubwa."

Barua nikaiweka kwenye sanduku, chini ya nguo.

Mnaniuliza kwa nini? Kwanza aibu, halafu mambo ya kanisa; ngojeni.

Kanisani nilikuwa katika chama cha akina mama. Tulikuwa tunavaa kitambaa cha buluu kichwani. Vijana hamjui uzito wa kitambaa hicho. Unavishwa mbele ya kanisa zima baada ya kufundishwa na mwenendo wako kuchunguzwa. Ukikosea, unavuliwa. Kwa mjane kijana kama mimi, kitambaa kile ndicho kilichonisemea mtaani. Nikipita nacho, hakuna aliyeuliza nimetoka wapi.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Ruth. Ametoka Maragoli, mume wake karani, watoto sita. Mwanamke mnene, mwenye sauti. Akiomba, hata waliosinzia wanaamka. Na nisimseme vibaya: mume wangu alipokufa, Mama Ruth alipika kwangu siku tatu bila kuombwa na mtu.

Basi Jumapili moja baada ya ibada akaniita kwenye chumba cha nyuma. Walikuwapo akina mama watatu wa kamati, na mzee mmoja wa kanisa amekaa pembeni na Biblia yake.

"Mama Njeri," akasema, "sisi si watoto. Hilo tumbo ni la miezi mingapi?"

"Si mimba, Mama Ruth. Ni ngiri."

Mmoja akacheka, na wengine wakafuata.

"Ngiri ni ya wanaume," Mama Ruth akasema. "Hiyo hata mtoto anajua. Tafuta uongo mwingine."

Wakuu, ningeinua gauni pale pale, mambo yangeisha. Lakini yule mzee alikuwa anatutazama. Na nilikuwa na kiburi. Nilijiambia sitavua nguo ndipo niaminiwe. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha, na bado wakanipa mimba.

Nikafungua kitambaa, nikakikunja mara nne, nikakiweka juu ya meza. Nikatoka kichwa wazi. Nililia njia nzima.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao nadhani ni mwanamke wa kanisa tu angeufanya.

Nilijua nikienda hospitali nikirudi tumbo liko bapa, watasema nimekwenda kutoa mimba. Hapo jina langu limekwisha, na la wasichana wangu pamoja nalo. Kwa hiyo nikaamua: nitangoja miezi tisa kamili kuanzia Jumapili ile. Tumbo likae hivyo hivyo, kila mtu alione. Miezi tisa ikipita bila mtoto, watajua wenyewe.

Nikaanza kuhesabu. Nilikuwa na kalenda ya duka ukutani, kila mwisho wa mwezi nachana karatasi. Na najua majirani walikuwa wanahesabu pia. Nikipita bombani naona macho yanashuka tumboni kwanza, ndipo yanapanda kunisalimia.

Mwezi wa nne, tumbo likaanza kukataa kurudi haraka. Mwezi wa tano nikaanza kutapika siku mojamoja. Kwa majirani, kutapika kukawa ushahidi. Kwangu ilikuwa hofu tupu. Nikikwangua utumbo wa mbuzi nilikuwa nafikiria wangu ulivyo chini ya ngozi, karibu hivyo, bila ukuta. Nikimwona Wanja anakula naacha kumeza. Nani atamchukua huyu? Alikuwa na miaka saba.

Bado nikangoja, mpaka mwezi wa saba ukaingia. Miezi miwili tu imebaki, najiambia. Miwili tu.

Asubuhi moja ya mwezi huo, nikiwa Kiamaiko, niliinamia karai nikalinyanyua, nikasikia kitu kimekaza. Maumivu yalinipiga magoti. Nikatapika maji ya kijani. Nikashika tumbo: gumu kama jiwe, halirudi.

Kulikuwa na mchinjaji pale, Guyo, Mborana, mtu wa maneno machache, ndiye aliyekuwa ananiwekea matumbo safi. Akanilaza juu ya ngozi za mbuzi, miguu akaniinulia kwenye ukingo wa meza. Akawafukuza wote waliokuja kutazama. Sijui nilikaa vile muda gani. Nilikuwa nataja majina ya wasichana wangu, Njeri, Wanja, Njeri, Wanja, basi. Halafu taratibu likaguruma, likarudi.

Guyo akachuchumaa karibu nami. "Mama Njeri, wewe unajua kazi hii. Utumbo ikijisokota inakuwa rangi gani?"

"Nyeusi," nikamwambia.

"Basi unangoja nini?"

Sikuweza kumwambia ninangoja miezi tisa. Mbele ya mtu mwenye akili, ujinga wako unausikia vizuri. Nilirudi nyumbani nikatoa barua sandukuni, na siku hiyo hiyo nikaenda hospitali.

Daktari mkubwa alikuwa kijana mrefu, mikono yake baridi. Akanilaza, akaniambia niinue kichwa kama ninayetaka kukaa. Akaingiza vidole pale katikati, akatikisa kichwa.

"Nyama ya tumbo imeachana. Viganja viwili vinapita hapa. Nikivuta nikishona kwa uzi peke yake, itakatika tena."

"Kama nguo iliyoisha," nikasema.

"Kabisa. Sasa wewe nguo iliyoisha unaifanyaje?"

"Naweka kiraka."

Akafurahi. Akaniambia ndivyo atakavyofanya, na kiraka chenyewe ni wavu wa plastiki, wao wanauita mesh. Akanionyesha kipande. Cheupe, chepesi, matundu madogo madogo, kama ule wavu wa dirisha la bucha wa kuzuia nzi. Akasema nyama itaota ipite kwenye hayo matundu, ishikane nao, iwe kitu kimoja.

"Na utautoa lini?"

"Hautoki, mama. Huo utazikwa nao."

Yeye alitabasamu. Mimi nilisikia baridi mpaka miguuni. Plastiki ndani ya mtu! Nikamuuliza, na msinicheke, "Daktari, mimi nashinda kwenye jiko la makaa. Hautayeyuka?"

"Ukiyeyuka, wewe mwenyewe utakuwa umeiva kitambo."

Halafu akaacha mzaha. Akaniambia hatari yenyewe ni uchafu. Uchafu ukiingia kwenye wavu, kidonda hakiponi, itabidi wanifungue tena wautoe, na mara ya pili ni vita. Nikatazama kucha zangu. Mimi na matumbo ya mbuzi kila siku ya Mungu.

Walitaka watu wawili wa kunitolea damu. Kanisani sikuweza kuuliza. Guyo akaja na ndugu yake. Guyo, mtu ambaye amechinja mbuzi tangu utoto, aliona sindano inaingia kwenye mkono wake akaanguka chini kama gunia. Nesi akamwamsha, akasema endelea. Mpaka leo nina damu ya Mborana na ninaringa nayo.

Siku ya kuingia hospitali dada yangu alikuja kutoka Murang'a kukaa na watoto. Nilimwonyesha Njeri kila kitu kilipo: vyeti vyao vya kuzaliwa, nguo za baba yao, anwani ya mjomba. Aliniuliza, "Mama, kwani hurudi?" Nikamwambia narudi. Sikuwa najua.

Opareshini siikumbuki. Ninachokumbuka ni kuamka na kupeleka mkono tumboni, nikakuta bendeji na mipira miwili inayotoa maji kuelekea kwenye chupa. Tumbo liko bapa. Nilidhani nimekufa.

Maumivu nayo, wacheni. Kukohoa unakumbatia mto. Kupiga chafya unasali kwanza. Kila nikijigeuza nasikia kama kitu kinavutwa ndani, najiambia umekatika, basi. Siku ya sita maji yakaanza kutoka pembeni mwa kidonda. Nilifunua bendeji kidogo nikachovya kidole nikanusa. Nesi alinikuta hivyo akanigombeza. Lakini mimi pua yangu ndiyo daktari wangu. Haikuwa harufu mbaya. Nikalala kwa mara ya kwanza tangu nifike pale.

Maji yalikauka. Wavu ukashika. Baada ya wiki tatu nikarudi Mbotela nimeinama kama bibi kizee, na amri ya daktari: nisinyanyue kitu kizito kuliko birika kwa miezi mitatu.

Mtaani habari ilikuwa imefika kabla yangu. Mmoja wa akina mama wa kamati alikuwa na binti anayefanya usafi katika wodi ile. Binti huyo aliona kovu, kutoka kitovuni mpaka chini kabisa. Akasema manesi wenyewe wamemwambia ni ngiri, si mimba.

Wiki mbili baadaye, mchana, Mama Ruth akabisha hodi.

Alikuja na chupa ya uji na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Akakaa. Tukasalimiana vizuri, watoto hawajambo, kidonda hakijambo. Akanikabidhi lile gazeti. Ndani kilikuwa kitambaa changu, kimefuliwa na kupigwa pasi.

"Tulikukosea," akasema. Hakuongeza neno, na kwa mtu kama yeye hayo yalikuwa mengi.

Nilitakiwa kusema asante. Nikakiweka kando kama vile ni kitambaa cha kufutia meza.

Akakaa kidogo. Akainuka akafunga mlango. Halafu Mama Ruth, mwenyekiti, mwenye sauti, akapandisha blauzi yake mbele yangu. Chini yake leso mbili, zimekazwa. Nilijua ule ufungaji. Akazifungua. Palikuwa na uvimbe juu ya kitovu, wa kujaa kiganja.

"Tangu mtoto wa nne," akasema kwa sauti ndogo. "Siku hizi inauma. Huo wavu, wanaweza kumwekea na mtu wa umri wangu?"

Wakuu, ngojeni niliandike kama lilivyokuwa.

Alikuwa amesimama wazi mbele yangu. Alifanya kile mimi nilichoshindwa kukifanya kanisani. Na mimi nilichokiona ni yule mwanamke aliyecheka na wenzake. Nikamtazama, nikatabasamu, nikamwambia:

"Mama Ruth, si ngiri ni ya wanaume?"

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alizifunga leso zake pole pole, akashusha blauzi, akasema, "Kunywa uji usipoe." Akaenda.

Siku hiyo nzima nilisikia utamu moyoni. Nasema ukweli. Nilikunywa ule uji wote na nikalala vizuri.

Kesho yake utamu ukaisha. Nikajua nilichofanya. Nyumba yake ilikuwa milango ishirini hivi kutoka kwangu. Nikasema nitakwenda. Halafu nikasema daktari amenikataza kutembea sana. Halafu nikasema, yeye ndiye aliyenikosea kwanza, acha arudi tena mwenyewe, akirudi nitamwandikia jina la daktari.

Nikangoja. Mtu aliyengoja miezi saba akanusurika kwenye ngozi za mbuzi, bado hajajifunza. Nikangoja wiki tatu.

Alhamisi alasiri Ruth, binti yake mkubwa, akaja mbio. "Mama anakuita. Tumbo."

Nilikwenda nimeshika kidonda changu. Mama Ruth alikuwa kitandani, jasho, macho yameingia ndani. Nikafungua leso. Nikaweka mkono. Gumu, moto, ngozi juu imekuwa nyekundu. Nikasukuma kidogo tu, halikwenda popote.

"Tangu lini?"

"Jana asubuhi."

Jana asubuhi! Nilipiga kelele mpaka jirani mwenye pikapu akatoka. Tukampakia. Njiani alinishika mkono, akaniambia neno moja tu: "Usiwaambie."

"Nisiwaambie nini?"

"Kuwa ni ngiri."

Alikuwa anakufa, na bado anaona aibu. Na nani aliyemwongezea hiyo aibu? Mimi niliyejua ilivyo chungu.

Daktari alikuwa yule yule mrefu. Alipotoka ndani sikumuuliza kitu. Nilimuuliza rangi tu.

"Nyeusi," akasema. "Nimekata niliyoweza." Akasema wavu hakuthubutu hata kuugusa, uchafu ulikuwa kila mahali. Akaniuliza kwa nini hakuja mapema, wakati kazi yenyewe ingekuwa ndogo kuliko yangu.

Mama Ruth alikufa siku ya tatu. Kanisani ilitangazwa kuwa ni tumbo, na mimi nikanyamaza, kwa sababu aliniomba. Nimenyamaza miaka yote hii.

Wavu wangu bado umo. Juzi nilipigwa picha ya tumbo kwa mambo mengine, na daktari mdogo akauliza, "Shosho, nani alikufanyia hii?" Nikajivuna kidogo. Halafu nikafika nyumbani nikalia.

Mwezi uliopita nilimtafuta Ruth. Yeye sasa ni nyanya kama mimi. Nilimweleza yote, pamoja na ule uji na lile neno. Akasema, "Mama alikuwa anatuambia anafunga leso kwa sababu ya mgongo." Halafu akasema, "Andika, ili wengine wasome." Ndiyo maana niko hapa.

Somo langu si la kisomi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, hiyo mmeisikia tangu shule. Mimi naongeza kwamba mtu akikufunulia tumbo lake, hiyo si siku ya kumlipiza. Na ngiri si ya wanaume peke yao. Mwanamke aliyezaa, aliyepasuliwa, aliyebeba mizigo, anaipata.

Kwa hiyo leo ukipiga simu nyumbani, usiulize mvua tu. Muulize mama yako anafunga leso tumboni kwa nini. Akisema ni mgongo, muulize tena.

Mwenye mama, shangazi au yeye mwenyewe aliyepitia haya, naomba aandike hapa chini. Na anayetaka kunilaumu aniambie waziwazi, nitasoma yote.

NYONGEZA: Wengi mnauliza kuhusu kitambaa cha buluu, kama nilikivaa tena. Nilikivaa mara moja, siku tuliyomzika Mama Ruth. Baada ya hapo nilikikunja mara nne nikakirudisha kanisani mwenyewe, kwa kuwa safari hii nilikuwa nimekosea kweli.